Usafiri wa Umma kwa Wafanyakazi wa Ijumbi: Njia, Nauli na Haki za Abiria

Kwa watumishi na wafanyakazi wa Kata ya Ijumbi na maeneo jirani wilayani Muleba, mkoani Kagera, wanaorejea katika vituo vyao vya kazi Muleba mjini au Bukoba, safari ya asubuhi huwa na hatua mbili: kutoka nyumbani hadi barabara kuu, kisha kutoka hapo hadi mjini. Hatua hizo hutofautiana kwa gharama, usalama na taratibu zinazozisimamia, na kila moja huhitaji maandalizi yake.

Kutoka kijijini hadi barabara kuu

Kwa wanaoishi mbali na barabara ya lami, bodaboda ndiyo usafiri unaopatikana kwa urahisi zaidi. Nauli yake hutokana na makubaliano, hivyo abiria anashauriwa kupatana na dereva kabla ya kupanda. Abiria na dereva wote wanapaswa kuvaa kofia ngumu, na kupakia abiria zaidi ya mmoja, maarufu kama mishikaki, hairuhusiwi.

Msimu wa mvua hurefusha hatua hii, hasa katika barabara za udongo. Barabara hizo za wilaya na vijiji husimamiwa na Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA), ilhali barabara kuu na za mkoa zipo chini ya Wakala wa Barabara Tanzania (TANROADS). Mwananchi anayeripoti daraja lililobomoka au barabara isiyopitika huharakisha ufuatiliaji anapoifikisha taarifa kwa taasisi husika, moja kwa moja au kupitia serikali ya kijiji.

Kutoka barabara kuu hadi mjini

Kati ya Muleba na Bukoba, umbali unaozidi kilomita 60, abiria huhudumiwa na mabasi, haisi na magari madogo. Kwa kuwa ofisi nyingi za umma huanza kazi saa 1:30 asubuhi, anayefanya kazi Bukoba hulazimika kuwa barabarani alfajiri. Haraka hiyo ndiyo inayowafanya baadhi ya abiria kukubali kubanana katika gari lililojaa au kulipa nauli iliyopandishwa kiholela.

Nauli za mabasi hupangwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA). Katika viwango vilivyoanza kutumika tarehe 8 Desemba 2023, nauli ya basi la daraja la kawaida katika barabara ya lami iliwekwa kuwa shilingi 48.47 kwa kila kilomita, na ya daladala kwa safari isiyozidi kilomita 10 kuwa shilingi 600. Kwa kiwango hicho cha basi, safari ya kilomita 60 ni takriban shilingi 2,910. Abiria anaweza kufanya hesabu hiyo mwenyewe kabla ya kulipa, akizingatia tangazo la mwisho la LATRA na daraja la basi analopanda.

Haki na wajibu wa abiria

Abiria ana haki ya kupewa tiketi, kutozwa nauli halali na kufikishwa mwisho wa safari aliyolipia. Gari halipaswi kukatisha njia. Anayenyimwa haki hizo atunze tiketi, anakili namba ya usajili wa gari, tarehe na saa, kisha awasilishe malalamiko LATRA. Mwendo wa hatari uripotiwe mara moja kwa Jeshi la Polisi kupitia namba 112.

Wajibu wa abiria ni kutopanda chombo kilichojaa kupita kiasi. Wananchi wa Kagera wanaufahamu uzito wa jambo hili tangu tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilipozama ikiwa imezidisha abiria. Kuchelewa kazini huweza kuelezwa kwa msimamizi. Uhai ukipotea haurudi.