Kufundisha upigaji picha kwa video mtandaoni: Biashara inayotaka subira na daftari

Na Mwandishi Wetu

ZAMANI kijana aliyetaka kujua kupiga picha alijiunga na studio, akabeba taa na mikoba ya fundi wake kwa miezi kadhaa, ndipo akaruhusiwa kushika kamera. Siku hizi mafunzo hayo hupatikana kwenye simu ya mkononi, na anayeyatoa huweza kuwa mpiga picha anayeishi bara jingine.

Kutokana na mabadiliko hayo imezaliwa biashara ya kutengeneza masomo ya video ya upigaji picha na kuyauza kupitia intaneti. Imewatajirisha wachache na kuwavunja moyo wengi. Tofauti baina yao mara nyingi hutokana na swali moja: mwanafunzi ni wa nani?

Chimbuko lake

Miongoni mwa waliofungua njia ni Lynda Weinman wa California, Marekani, aliyeanzisha lynda.com pamoja na mumewe, Bruce Heavin, mwaka 1995. Hapo awali walifundisha ana kwa ana katika mji mdogo wa Ojai.

Baada ya kampuni nyingi za intaneti kuanguka na mashambulizi ya Septemba 11, 2001 kutokea, idadi ya waliosafiri kwenda kusoma ilipungua sana. Mwaka 2002 wawili hao waliyaweka masomo ya video kwenye tovuti yao, na mwanafunzi akawa analipa ada ya dola 25 za Marekani kwa mwezi.

Masomo ya kamera na ya programu ya Photoshop yalikuwa sehemu muhimu ya hazina hiyo. Mwaka 2015 kampuni ya LinkedIn ilitangaza kuinunua lynda.com kwa dola bilioni 1.5.

Wakati huo wengine walikuwa wamekwisha kujaribu njia tofauti. Mwaka 2010 mpiga picha Chase Jarvis na mwenzake Craig Swanson walianzisha CreativeLive mjini Seattle. Mtu aliruhusiwa kutazama darasa bure likiwa linarushwa moja kwa moja, lakini aliyetaka kubaki na kanda yake alilipa. Kampuni hiyo nayo ilinunuliwa na Fiverr mwaka 2021.

Njia tatu za mapato

Njia ya kwanza ni matangazo. YouTube, iliyoanzishwa mwaka 2005, ilianza mwaka 2007 kuwagawia watengenezaji wa video sehemu ya fedha za matangazo. Kwa video za kawaida mtengenezaji hupata asilimia 55. Hata hivyo, tangu mwaka 2018 hana budi kuwa na wafuatiliaji 1,000, na video zake ziwe zimetazamwa kwa saa 4,000 katika miezi 12. Baadaye iliongezwa njia nyingine ya kufuzu kwa wenye video fupi.

Njia ya pili ni kuyapeleka masomo katika soko la pamoja kama Udemy, na hapa ndipo swali la mwenye mwanafunzi linapojitokeza waziwazi. Mwalimu akimleta mnunuzi kwa kiungo chake mwenyewe, hubaki na asilimia 97 ya bei. Soko likimpata mnunuzi huyo kwa juhudi zake, mwalimu huambulia asilimia 37.

Tuseme somo linauzwa dola 10. Ili apate dola 1,000 kabla ya kodi na makato mengine, mwalimu anahitaji wanunuzi 104 aliowaleta mwenyewe, au 271 walioletwa na soko. Kazi ya kulitengeneza somo ni ile ile.

Njia ya tatu ni kuuza katika tovuti yake binafsi. Bei huipanga mwenyewe na majina ya wanafunzi hubaki mikononi mwake, lakini gharama za tovuti, malipo na kujitangaza zote ni zake.

Kwa sababu hiyo walimu wengi huchanganya njia hizi. Masomo mafupi hutolewa bure ili wajulikane, na mafunzo marefu yenye mpangilio huuzwa.

Nini hakizeeki

Si kila somo hudumu. Mwaka 2013 Adobe ilitangaza kuwa matoleo mapya ya Photoshop yangepatikana kwa kulipia muda wa matumizi, na tangu hapo programu hiyo hubadilishwa mara kwa mara. Somo linalomwonyesha mtu mahali pa kubonyeza laweza kupitwa na wakati katika kipindi kifupi.

Lakini somo la mwanga wa dirishani unavyoangukia uso, au la namna uwazi wa lenzi unavyofifisha mandhari ya nyuma, halina sababu ya kuchakaa. Mwenye busara huzitenganisha video za kanuni na video za vifaa, ili arekodi upya zile zilizochakaa tu.

Aidha, soko lenyewe limebadilika. Kwa mujibu wa takwimu za chama cha watengenezaji wa kamera cha Japani, mwaka 2010 kamera za dijitali zaidi ya milioni 120 zilisafirishwa kwenda sokoni. Mwaka 2020 hazikufika milioni tisa. Wengi sasa hupiga picha kwa simu, na mwalimu anayezungumzia kamera za bei kubwa pekee anawaacha watu hao nje ya darasa.

Utengenezaji wake

Mtazamaji huweza kuvumilia picha ya wastani, lakini sauti isiyosikika humfukuza mara moja. Kipaza sauti kidogo kinachobanwa kwenye shati, katika chumba chenye mapazia na zulia, ndicho kifaa cha kununua kwanza.

Kila video ishughulikie jambo moja na ionyeshe picha kabla na baada ya marekebisho. Muziki uwe na kibali cha mwenye hakimiliki, na anayepigwa picha aridhie kuwa sura yake itauzwa ndani ya somo.

Kwa anayefundisha kwa Kiswahili, malipo kwa simu ni msaada mkubwa. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, hivyo mwanafunzi asiye na kadi ya benki aweza kulipa. Video ziwe fupi na zisizo nzito, kwani kila dakika humlia kifurushi chake.

Mwisho, saa za kuandaa, kurekodi, kuhariri na kujibu maswali zihesabiwe kama gharama, sawa na bei ya kamera. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Katika biashara hii daftari lina kurasa mbili: moja ya fedha, na nyingine ya majina ya wanafunzi.