Maji ya Mkonge na Pumzi ya Mtoto

Ukishuka Mnyuzi, pale reli ya Tanga ilipounganishwa na ile ya Ruvu mwaka 1963, umo katika nchi ya mkonge. Mmea huu si wa kwetu. Dakta Richard Hindorf, Mjerumani, aliagiza miche elfu moja kutoka Florida, na mwaka 1893 iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Tena katika jani lake singa ni kama sehemu 4 katika 100. Zilizobaki ni maji na chicha, zikimwagwa mpaka harufu yake ikawajulisha wasafiri kuwa kiwanda ki karibu.

Basi ndani ya maji hayo wataalamu walikuta kitu kiitwacho hekojenini. Tangu miaka ya 1950 kampuni ya Glaxo ya Uingereza ilikichukua katika mkonge wa Afrika Mashariki, ikatengeneza dawa za jamii ya kotisoni, mojawapo betamethasoni. Wengi wetu twaijua kwa marhamu ya ngozi. Habari yake kubwa ni nyingine, nayo yawahusu wake na binti zetu.

Mtoto akizaliwa kabla ya siku zake, mara nyingi mapafu yake hayajawa tayari. Nani atamtia dawa aliye tumboni? Dakta Liggins wa Auckland, New Zealand, akichunguza kondoo, aliona wana-kondoo waliopata homoni za namna hii wakizaliwa mapema mno na bado wakivuta pumzi. Yeye na Dakta Howie wakaona njia ni mama mwenyewe: achomwe sindano, damu yake iichukue dawa, kondo la nyuma limpitishie mtoto. Mwaka 1972 walitoa matokeo ya akina mama 282. Watoto waliokufa siku za mwanzo, kwa mama waliopata dawa, walikuwa kama 3 katika 100. Kwa wasioipata, 15.

Wadhani dunia iliikimbilia? La! Madaktari wa Marekani walikubaliana juu yake mwaka 1994. Wengine huuita huo uangalifu. Mimi nauona uzito.

Hadhari nayo ipo. Uchunguzi wa nchi sita, Kenya ikiwamo, uliotolewa mwaka 2015, ulionyesha kwamba ilipoenezwa vijijini, wengi wakichomwa bila kuzaa mapema, vifo vya watoto viliongezeka. Ule wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020, katika hospitali zenye vifaa, kwa deksamethasoni, dawa ndugu yake, uliokoa watoto. Sindano hii hutolewa hasa mimba ikiwa chini ya wiki 34, na ndiyo sababu mojawapo kliniki humuuliza mja mzito tarehe ya hedhi yake ya mwisho.