Vipimo vya takwimu katika majaribio madogo ya tiba ya malale

Ugonjwa wa malale wa aina ya rhodesiense, unaoenezwa na mbung'o katika misitu ya miombo ya Katavi na Tabora, sasa huwapata watu wachache mno, hata jaribio la dawa hukusanya wagonjwa kwa makumi tu. Uchache huo ndio unaoamua kipimo. Kipimo cha kai-mraba ni makadirio yanayofaa idadi kubwa. Idadi tarajiwa katika kisanduku cha jedwali ikiwa chini ya 5, kipimo cha Fisher, kinachohesabu uwezekano wenyewe, ni salama zaidi. Tuseme dawa moja imeponya wagonjwa 9 kati ya 10, nyingine 5 kati ya 10: kai-mraba bila sahihisho hutoa p ya 0.051, Fisher 0.14. Kuinyamazia tofauti hiyo ya vipimo ni kumdhulumu mgonjwa.

Mara nyingine hata kundi la kulinganisha halipo. Utafiti wa dawa ya melarsoprol ya siku 10, uliofanyika Kaliua, jirani na Katavi, na Lwala nchini Uganda, ulitibu wagonjwa 138 na kuwalinganisha na kumbukumbu za wagonjwa wa awali. Hapo mipaka ya uhakika ya asilimia 95 hueleza zaidi kuliko p: dawa isiyoua yeyote kati ya wagonjwa 30 bado yaweza kuua karibu mmoja kati ya 10.