Nyoka Aliyemkaba Nyangumi

Mwaka 1875 merikebu ya matanga iitwayo Pauline ilisafiri kutoka Uingereza kuleta Unguja makaa ya mawe ya manowari za Malkia. Kisa chake tunakijua kwa sababu ya kasisi mmoja, E. L. Penny, aliyekuwa akihudumu ndani ya manowari ya London, ile iliyotia nanga bandarini Unguja kuwasaka wasafirisha watumwa. Penny alikiandika, akakichorea na picha, na mwezi Novemba kikatoka katika Illustrated London News.

Tarehe 8 Julai, karibu na rasi ya São Roque huko Brazil, nahodha George Drevar aliona madoa meusi majini, na juu yake kitu cheupe kimesimama kama nguzo. Akadhani ni mwamba, na povu lililoruka kandoni mwake ni mawimbi yanayoupiga. Mara nguzo ikaanguka majini, ikainuka nyingine. Akatwaa darubini. Walikuwa nyangumi watatu, na mmoja wao amezongwa mizingo miwili na kiumbe kama nyoka, ambacho kichwa na mkia vilibaki nje, kila upande yapata futi 30 kwa kukisia. Wakazungushana robo saa nzima, kisha nyangumi akaenda chini, kichwa mbele, kana kwamba ameburutwa.

Siku tano baadaye walimwona tena nyoka, au walidhani ni yeye. Safari hii mabaharia walikaa na mashoka tayari, asije akaizonga merikebu.

Drevar alichekwa sana. Januari 1877 yeye na baadhi ya mabaharia wake wakala kiapo mbele ya hakimu mjini Liverpool kwamba waliyoyasema ni kweli. Mimi nawasadiki kwamba waliona kitu. Tatizo ni jina walilokipa. Nyangumi yule mwenye meno na kichwa kama sanduku hula ngisi, na wako ngisi wa kilindini wanaopita mita 10, mikono na yote. Mkono mnene uliojiviringa kichwani mwa nyangumi, ukitazamwa kwa mbali kwenye povu, una kosa gani ukiitwa nyoka? Na huko kuburutwa chini nako kuna jambo: nyangumi akizama hutanguliza kichwa, havutwi na yeyote.

Frank Bullen, katika kitabu chake cha mwaka 1898 kuhusu maisha ya wawindaji wa nyangumi, anasimulia pambano kama hilo katika mlango wa bahari wa Malaka, usiku wa mbalamwezi. Ila yeye alimtambua ngisi, na aliyekuwa akitafuna ni nyangumi. Ngisi mkubwa akiwa hai kilindini hakupigwa picha hadi mwaka 2004, kwenye maji ya Japani, kina cha mita 900 hivi.

Lakini ushahidi wa nani humla nani ulikuwa ukiuzwa pwani yetu zamani sana. Mwandishi Mwarabu Al-Masudi aliitaja ambari ya nchi ya Zanj, yaani pwani hii ya Afrika Mashariki, tangu karne ya 10. Ambari hutoka tumboni mwa nyangumi huyo huyo, husukumwa na mawimbi hadi ufukweni, na watu huiokota kwa ajili ya manukato. Ivunje bonge lake, na mara nyingi utakuta ndani vipande vyeusi, vigumu, vimepinda kama mdomo wa kasuku. Ni midomo ya ngisi, kitu ambacho tumbo la nyangumi limeshindwa kukisaga.