Ndege ya Vita Mikononi mwa Raia: Kisa cha Vulcan XH558

Nilipoanza kusoma mada hii niliamini kwamba mwenye fedha za kutosha anaweza kununua ndege kuukuu ya kivita, akaitengeneza na kuirusha. Historia ya Vulcan XH558 imenibadilisha mawazo.

Ndege hii ya Uingereza yenye injini nne za jeti iliingia jeshini mwaka 1960, wakati wa Vita Baridi, ambapo ndege za aina yake ziliandaliwa kubeba mabomu ya nyuklia. Mwaka 1993 iliuzwa kwa familia ya Walton na kupelekwa uwanja wa Bruntingthorpe. Ilifika ikiruka, lakini haikuwa na kibali cha kuruka kama ndege ya raia. Ili kukipata, ilibidi kampuni zilizorithi michoro na utaalamu wa watengenezaji zikubali kuithibitisha. Taasisi ya hisani ilisimamia ukarabati kwa michango ya wananchi na fedha za bahati nasibu ya taifa. Tarehe 18 Oktoba 2007 iliruka tena, baada ya miaka 14.

Mwaka 2015 kampuni hizo zilijitoa, na mwezi Oktoba ndege ikaruka mara ya mwisho. Haikuwa imeharibika, wataalamu walioifahamu ndio waliokuwa wakistaafu.

Kwa maoni yangu, mmiliki hununua chuma, lakini ujuzi unaokirusha haununuliki pamoja nacho. Sisi wanafunzi wa historia tunapaswa kuwahoji mafundi wangali hai. Tusipofanya hivyo, makumbusho yetu yatabaki na maganda.