Mgeni njoo, mwenyeji wa Hanang apone

Ndugu msikilizaji, wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Juma hili nauliza swali moja tu: wageni wanaofika kupanda Mlima Hanang, mwenyeji anapona kwa lipi?

Mlima huo una kimo cha mita zipatazo 3,400, nao umesimama peke yake juu ya mji wa Katesh. Miaka michache iliyopita niliupanda na kundi la wageni kutoka mjini. Tulianza alfajiri upande wa Jorodom, tukarudi jua linazama. Kila mtu alibeba maji yake, maana juu huko hakuna. Mchana tulifungua maboksi: kuku wa kukaanga, mkate, juisi ya pakiti. Vyote vilitoka mjini kwa gari. Tuliposhuka, mama mmoja alikuwa ameketi na kibuyu cha maziwa ya mgando. Hakuna aliyenunua. Nami sikununua, na hadi leo naona haya.

Nasema naona haya kwa sababu historia ya wilaya hizi mbili, Mbulu na Hanang, ni historia ya mgeni na chakula. Oscar Baumann, raia wa Austria aliyepita nchi hizi mwaka 1892, alikuja na msafara wa wapagazi. Msafara wa namna hiyo hautembei bila chakula cha wenyeji. Wakati ule mgeni alijua wazi kwamba bila nafaka ya mkulima na ng'ombe wa mfugaji hafiki popote.

Wakulima hao ni Wairaqw wa milima ya Mbulu, watu waliojifunza zamani kuilinda ardhi ya miteremko na kuirutubisha kwa samadi. Kwao utapata ugali wa mahindi au mtama, maharage, viazi vitamu, na siku hizi vitunguu swaumu vinavyouzwa mbali. Pombe yao ya nafaka wanaiita buura. Chini, bonde la Yaeda, Wahadzabe wanaishi kwa mizizi, ubuyu, nyama na asali, na yuko ndege anayewaongoza hadi kwenye mzinga. Hanang ni nchi ya Wabarbaig, watu wa ng'ombe na maziwa.

Kisha akaja mgeni wa aina nyingine, naye ni ngano. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa msaada wa Kanada, shirika la umma la NAFCO lilifungua mashamba makubwa katika tambarare za Basotu. Yalifika saba, jumla karibu ekari 100,000. Lengo lilikuwa jema, nchi ijitosheleze kwa mkate. Lakini ardhi ile ndiyo iliyokuwa malisho bora ya Wabarbaig, na ndani yake yalikuwamo makaburi ya wazee wao. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Walishinda Mahakama Kuu, lakini mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu ile. Mkate ukaenda mijini, maziwa yakapungua bomani.

Tusisahau somo hilo tunapozungumza habari za utalii. Katikati ya miaka ya 1990, shirika la SNV la Uholanzi na Bodi ya Utalii walianzisha mpango wa utalii wa utamaduni, na maeneo haya yakaingizwa. Wazo lilikuwa kwamba mgeni atembee kwa miguu, ale kwa mwenyeji, na fedha ibaki kijijini. Wazo hilo bado ni zuri. Mpishi alipwe kama anavyolipwa kiongozi wa njia. Kundi la watu kumi linalokula ugali, kuku wa kienyeji na mtindi Katesh linaacha fedha mkononi mwa akina mama watatu au wanne jioni ile ile.

Hata hivyo, si kila kitu ni cha kuuzwa. Pombe ya asali ya Wabarbaig ni ya wazee na ya mambo mazito. Katika bung'eda, maziko ya mzee wa heshima, hunywewa kwa taratibu zake. Mgeni akikaribishwa, ashukuru. Asipokaribishwa, asidai kwa kuwa amelipa tiketi. Waliokwisha kunyang'anywa malisho wasije wakanyang'anywa na heshima.

Tena mlima wenyewe umetukumbusha kwamba chini yake wanaishi watu. Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka Hanang hadi Katesh, Gendabi na Jorodom. Watu zaidi ya 80 walifariki, nyumba na mashamba yakafukiwa. Mgeni anayepanda leo anakanyaga njia inayopita kando ya msiba huo.

Basi ndugu msikilizaji, ukiupanda Hanang, liache boksi mjini. Uliza nani anapika, lipa bei anayoitaja, kaa uzungumze naye. Mimi nikirudi, namtafuta kwanza yule mama wa kibuyu.

Hadi juma lijalo, kwaheri.