Metali nzito katika mboga na nyama: maji machafu ya muto inafika namna gani kwenye sahani?

Muto Kimemi unapita ndani ya muji wa Butembo, na moja ya komine ine za muji inabeba jina lake. Kama mito ya miji mingi, unapokea maji ambayo mvua inasukuma toka barabarani, kwenye garaji, sokoni na nyumbani. Maji ya namna hiyo ndiyo mukulima wa bondeni anachota kwa kumwangilia lengalenga na shu wakati wa kiangazi, na mbuzi wanayakunywa. Watu wanajua kwamba maji machafu inaleta kipindupindu na tifoide. Iko hatari ingine, isiyo ya mikrobe: metali nzito.

Metali nzito ni nini?

Ni madini kama plombi (risasi), kadmiyumu, zebaki na kromu. Plombi inatoka zaidi katika batri za magari zilizokufa na rangi za zamani. Kadmiyumu iko katika batri fulani za kuchaji na mbolea fulani za fosfati. Kromu inatumiwa kwa kutengeneza ngozi. Zebaki, wachimbaji wanaitumia kwa kukamata vumbi la dhahabu.

Mikrobe inakufa maji ikichemka. Metali haifi na haiozi. Ukichemsha maji, mvuke unatoka, metali inabaki ndani ya chungu. Shambani pia inabaki katika udongo na kuongezeka kila mwaka.

Namna inaingia katika chakula

Kadmiyumu inapanda kwa urahisi toka mizizi mpaka majani. Plombi inabaki zaidi kwenye mizizi, ao inashika juu ya majani pamoja na udongo na vumbi. Kwa hiyo kuosha mboga muzuri kunasaidia kuondoa udongo, lakini hakuondoi kile kimekwisha kuingia ndani. Punje za mahindi na maharagwe kwa kawaida zinapokea kidogo kuliko majani.

Ngombe na mbuzi wanakula majani pamoja na udongo. Ngombe wanapenda pia kulamba batri zilizotupwa, na plombi yake inaweza kuwaua. Ndani ya munyama, metali inajikusanya zaidi katika maini na figo kuliko katika nyama. Plombi ingine inakaa katika mifupa, na kidogo inapita katika maziwa.

Miji jirani

Kule Nairobi, jalala la Dandora liko kando ya muto ambao maji yake yanamwagilia mashamba. Mwaka 2007, shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira (UNEP) lilitangaza matokeo ya kupima watoto 328 wa kandokando ya jalala: nusu yao walikuwa na plombi kupita kiasi katika damu. Kampala, mufereji Nakivubo unabeba maji machafu ya muji mpaka Ziwa Victoria, na watu wanalima majimbi na miwa katika kinamasi chake.

Mbali zaidi, Japani, wakulima wa kando ya muto Jinzu walimwangilia mupunga na maji yenye kadmiyumu ya kiwanda cha madini. Mifupa yao ikawa laini na kuvunjika kwa maumivu makali. Serikali ilikubali mwaka 1968 kwamba ule ugonjwa ulitoka kwenye uchafu huo.

Mwili unapata nini?

Shirika la afya ulimwenguni, OMS, linasema hakuna kiasi cha plombi kinachojulikana kuwa salama. Watoto ndio wanaumia zaidi, kwa sababu inaharibu ubongo unaokua. Kadmiyumu inaweza kukaa katika figo miaka 10 mpaka 30.

Kujikinga

Macho, pua na ulimi haviwezi kuonyesha metali. Kipimo cha laboratware tu ndicho kinaonyesha. Kanuni za kimataifa za Codex zinaruhusu miligramu 0,3 ya plombi na 0,2 ya kadmiyumu katika kilo moja ya mboga za majani.

Mukulima anaweza kufanya haya:
- kumwangilia na maji ya chemchemi ao ya mvua;
- kupanda mahindi na maharagwe, hapana mboga za majani, pahali palipo karibu na garaji ao jalala;
- kutia chokaa katika udongo wenye asidi, ili kadmiyumu isipande sana;
- kufunga mifugo mbali na takataka.

Na mwenye garaji asipasue batri ya zamani wala kumwaga maji yake katika mufereji. Metali ni rahisi kuizuia kabla ya kufika mutoni. Ikisha kuingia katika udongo wa bondeni, hata wajukuu wataikuta.